Marehemu Haletewi Habari

Jina la Sudi Mhelela lilitoka kwenye kura wakati Sekela anapika wali, na Sudi mwenyewe alikuwa anamsema.

"Umeshaweka maji mengi tena, mama mdogo. Huo utakuwa uji. Nimekufundisha miaka yote hii, lakini wapi."

Sauti ilitoka nyuma ya sikio lake la kulia, mahali ambapo hakuna mwingine angeweza kuisikia. Sekela akapunguza moto. Kwao Rungwe watu wamekulia ndizi na viazi, na wali ni chakula cha wageni. Mkono wa kuupika hakuzaliwa nao. Sudi alizaliwa Bondeni, kwenye majaruba ya mpunga. Akafia huko huko, amevaa sare ya jeshi lililomuua Asajile, mtoto wa kiume wa Sekela. Sasa alikuwa anaishi ndani ya kitu kisichozidi punje ya harage, chini ya ngozi ya mwanamke wa upande wa adui, na kazi yake kubwa ilikuwa kulalamikia mapishi.

Kitu hicho wenyewe hukiita kokwa. Hutengenezwa kwa kila kilichobaki cha mtu: sauti alizorekodi kwenye simu, video za arusi za watu wengine alimopita nyuma na sahani yake, maneno aliyomwandikia msichana, yale ambayo wenzake bado wanayakumbuka. Likishapandwa, marehemu huisikia dunia kwa masikio ya mbebaji wake. Mbebaji akibonyeza nyuma ya sikio, analala. Likitolewa linakufa, na safari hiyo hakuna wa kumrudisha.

Wabebaji wana sheria kubwa na sheria ndogo. Kubwa ni kwamba humbebi marehemu wako; unambeba wa adui, na adui anambeba wako. Asajile alikuwa nyuma ya sikio la mama yake Sudi, mwanamke aitwaye Zamda, huko chini Bondeni. Sheria ndogo ni kwamba marehemu haletewi habari. Anabaki na dunia aliyoiacha. Redio ikifunguliwa, bonyeza alale. Watu wakianza kuzungumza siasa, bonyeza alale.

Sekela aliivunja hiyo ndogo. Haikuwa kwa ubishi. Nyumba ilikuwa kimya mno tangu binti yake Tusekile ahamie kwenye nyumba za bwawani, na siku moja Sudi aliuliza kama mama yake mzazi bado yuko hai. Ni mtu gani mwenye moyo angembonyeza mtoto wa watu alale kwa swali kama hilo? Akamjibu kwamba yuko hai. Kesho yake akauliza kama wanavuna. Sekela akamwambia kwamba hawavuni. Akamwambia kuhusu ukame, na bwawa ambalo Rungwe wamelijenga juu ya mto, na lango la bwawa ambalo lilifungwa mvua ya kwanza ilipokosekana na halijafunguliwa mpaka leo. Akajisikia mwepesi, kama mtu aliyepata wa kuongea naye. Sudi naye tangu siku hiyo akawa anacheka kidogo tu, na mara nyingine anauliza katikati ya kazi: "Bado wamefunga?"

Simu ilipolia, Sekela aliipokea bila kumlaza. Alishazoea.

"Mama, ni mimi, Ipyana," alisema mratibu wa Wabebaji wa wilaya. "Baraza la Bondeni limeomba vita. Kura imemtoa Sudi. Kesho asubuhi nakupitia, tunashuka."

Sekela akakaa kwenye kigoda. Jambo lenyewe alilijua tangu siku anajiunga, ila kila mbebaji hujipa moyo kwamba kura itamwangukia mwingine. Nchi yoyote iliyotia sahihi mkataba wa Wabebaji haipigani kabla haijamsikiliza marehemu wake mwenyewe, kwa mdomo wa mama wa upande wa pili. Huyo mama anaingia peke yake, mikono mitupu, anasimama mbele ya watu wanaotaka kumwangamiza, na mtoto wao anaulizwa swali moja tu: tupigane? Wajane wa kambi moja ya wakimbizi ndio walioanza, kwa kubadilishana simu za waume zao waliouana. Sasa wabebaji walikuwa kila bara, wauza mboga, walimu, madereva, watu wasiokuwa na cheo wala ofisi. Na katika vikao vyote vilivyowahi kukaa, tangu wazee wa sasa wakiwa watoto, hakuna marehemu hata mmoja aliyewahi kusema ndiyo. Ndiyo maana vita vilikuwa vimekwisha duniani, au karibu vikwishe; Rungwe na Bondeni walitia sahihi baada ya vile vilivyowaua Asajile na Sudi.

"Wananiita?" Sudi aliuliza.

"Wanakuita."

"Vizuri. Nina la kuwaambia."

Wali wa siku hiyo haukuwa uji. Uliungua mpaka sufuria ikatobolewa kwa kukwanguliwa.

*

Gari la chama cha Wabebaji lilijiendesha lenyewe kuteremka milima, lakini Ipyana aliushika usukani vivyo hivyo. Alikuwa kijana mpole, aliyesoma, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla hajakosea. Migomba ilibaki nyuma, chai ikabaki nyuma, baridi ikaisha, na ardhi ikaanza kupauka. Sekela alibonyeza nyuma ya sikio na kungoja mpaka aliposikia ule ukimya wa Sudi kulala.

"Bwana Ipyana," alisema, "huyu kijana atasema ndiyo."

"Haiwezekani, mama. Hawajawahi."

"Anajua kuhusu lango."

"Amejuaje?"

Sekela akatazama nje. Upande wa kushoto ulikuwa mto wenyewe, au mahali ulipokuwa: mawe, mchanga, na mbuzi wanaopita katikati kama barabarani. "Nilimwambia mimi."

Ipyana aliligusa gari, likasimama kando. Sekela alikuwa amejiandaa kugombezwa, na angeona nafuu kama angegombezwa.

"Nikuulize kitu, mama, na uniwie radhi," alisema hatimaye. "Baraza limemwita nani? Limemwita kijana aliyelala mtaroni na risasi tumboni, akamwita mama yake mpaka sauti ikaisha. Huyo tunajua angesema nini. Wote wanasema hivyo hivyo. Huyu mwenye hasira hakufa vitani. Huyu umemlea wewe jikoni kwako."

"Kwa hiyo nikamsemee yule wa mtaroni."

"Ukamsemee yule aliyeitwa."

"Na huyu nimwambie nini?"

Ipyana akawatazama wale mbuzi mtoni.

"Basi nikawaeleze ukweli," Sekela alisema. "Kwamba nimemharibu shahidi, wapige kura nyingine."

"Ukiwaambia marehemu akipewa habari anabadilika, swali la pili litakuwa kwa nini tunawanyima habari. Sio Bondeni tu watakaouliza. Watauliza kila mahali. Siku hiyo chama kitakuwa kimekwisha, na wenye majeshi wataenda kuyapangusa vumbi."

"Ndiyo maana tunawanyima?"

"Nilifundishwa kwamba tunawanyima ili wapumzike." Aliushika tena usukani, ingawa gari halikuwa limewaka. "Sikuwahi kuuliza zaidi."

Gari likaendelea kuteremka. Sekela alikuwa anamfikiria Tusekile. Binti yake ndiye mlinzi wa lango la bwawa, yeye na gurudumu lake la chuma. Zamani lango lilifunguliwa na mashine, lakini mashine zilidanganywa na wajanja mara kadhaa, kazi ikarudishwa kwenye mkono wa mtu. Bondeni wakipiga, watapiga pale kwanza. Mtoto mchanga angejua hilo. Kwa hiyo hata alipojaribu kuyapima maneno ya Ipyana kwa haki, kama mtu anayepima nyama ya jirani, aliona kidole chake mwenyewe kimebonyeza mzani.

*

Baraza la Bondeni lilikaa kwenye kinu cha mpunga kilichokuwa hakina mpunga. Mashine zilifunikwa maturubai, na vumbi la pumba za zamani lilikuwa bado linanukia kwenye kuta. Watu walijaa mpaka madirishani. Sekela alipita katikati yao na hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Aliwasikia tu wakisogea kumpisha.

Mbele kabisa, miguuni pa baraza, alikaa Zamda. Walikuwa wamewahi kuonana siku ya kupandiwa makokwa tu, vichwa vyao vimefungwa bandeji, na tangu hapo walizungumza kwa simu kila sikukuu. Sekela humuuliza Asajile hajambo, na Zamda hujibu amepumzika. Sekela humwambia Sudi hajambo, anapenda kusema sana. Leo Zamda alikuwa amekonda. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Mwenyekiti, mwanamume mnene aitwaye Kindole, alisimama. Hakumtazama Sekela. Alitazama sikio lake la kulia, kama walivyofundishwa.

"Sudi Mhelela, mwana wa Bondeni. Mto wetu umefungwa. Tumeomba kwa maneno, hawakufungua. Sisi tulio hai tunakuuliza wewe uliyetangulia. Tupigane?"

Sekela alikuwa amemwamsha Sudi mlangoni.

"Waambie ndiyo," Sudi alisema. Hakuwa na jazba. Ilikuwa sauti ile ile ya kumsahihisha maji ya wali. "Waambie wapande mpaka kwenye hilo lango. Mama yangu anachota maji kwenye nyayo za ng'ombe, na wao wamekaa juu wanamwagilia chai. Nilikufa nikidhani yatakwisha. Kama hayakwisha, basi nilikufa bure, na wasiniulize mimi habari za kusamehe."

Mbebaji anaruhusiwa kunong'ona na marehemu wake, ili apate maneno sawasawa. Sekela akainamisha kichwa.

"Sudi, pale langoni yuko Tusekile."

"Na hapa yuko mama yangu. Nasikia anavyokohoa. Ni yeye, eti?"

"Ni yeye."

"Basi."

"Mimi nifanyeje, mwanangu?"

"Sema nilichosema. Kazi yako ni hiyo tu, mama mdogo. Hujapewa nyingine."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomuumiza Sekela: kwamba alikuwa na haki ya maji, na haki ya hasira, na haki ya mdomo wake. Hakuwa anaomba chochote ambacho hakikuahidiwa. Wangeweza kutengeneza vipaza sauti, na mwanzoni vilikuwepo; marehemu walizungumza kupitia masanduku, na kila serikali ikapata fundi wa kuyachezea. Ndipo wajane wale wakasema asikilizwe kwa mdomo wa mama wa upande wa pili, kwa sababu mama aliyefiwa hawezi kumsingizia mtoto wa mwenzake. Dunia nzima iliwaamini kwa hilo. Sekela mwenyewe aliamini. Kila alipoambiwa Asajile amepumzika, aliamini mpaka akapata usingizi.

Aliinua kichwa. Alimwona Zamda akimtazama usoni na siyo sikioni.

"Amesema hapana," Sekela alisema.

Pumzi iliyotoka ukumbini ilikuwa ya watu waliokuwa wameishikilia muda mrefu. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, kisha wengine. Kindole akakaa chini taratibu na kufunika macho kwa kiganja, na haikujulikana kama ni uchungu au nafuu.

"Hujanisikia vizuri," Sudi alisema. "Nimesema ndiyo."

Mikono ikaanza kuinuka, ya kuikataa vita.

"Mama mdogo. Nimesema ndiyo. Warekebishie."

Watu walimjia. Vijana waliovaa sare mpya wakamshika mikono, wakainama wamwamkie, shikamoo mama, shikamoo mama. Sekela akawa anaitikia marahaba, marahaba, na katikati ya marahaba zake kijana aliyekuwa nyuma ya sikio alikuwa anarudia neno moja tu, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua ina watu. Angeweza kumbonyeza alale. Kidole kilifika mpaka kwenye ushungi, kikashindwa. Alimsikia mpaka mwisho.

"Wanapiga makofi?" Sudi aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu."

Baada ya hapo hakusema tena.

*

Zamda alimkuta nyuma ya kinu, anasubiri gari. Alikuwa ameshika kikombe cha plastiki.

"Kunywa, Mama Asajile. Umesimama sana."

Maji yalikuwa ya rangi ya chai, na chini yalikuwa na kitu kama majivu. Sekela alikunywa yote. Mchanga ulimbaki kwenye meno.

"Ndiyo tunayopikia," Zamda alisema, akapokea kikombe. Akakitazama ndani. "Mwanangu mimi hakuwa mtu wa kusahau. Mtoto mwenzake alimvunjia gurudumu la kigari cha waya akiwa chekechea, akamwekea kinyongo mpaka wamemaliza shule. Yule uliyemsemea mle ndani sikumjua."

Sekela akaegemea ukuta. "Utawaambia?"

"Nina wajukuu wawili waliovaa sare jana. Niwaambie nini?" Akakohoa, kile kikohozi alichokisikia Sudi. "Nimeshukuru, na nimekuchukia. Vyote viwili nitarudi navyo nyumbani. Nilitaka ujue."

"Asajile hajambo?" Sekela aliuliza, kwa sababu ndivyo walivyozoea, na kwa sababu hakuweza kuondoka bila kuuliza.

Zamda akakipindua kikombe, mchanga uliobaki ukadondoka. "Nilikuwa nakwambia amepumzika. Hajapumzika. Na mimi nilimwambia habari, Mama Asajile, usidhani ni wewe tu. Nilikuwa naamka naenda kutafuta maji, ananiuliza tunakwenda wapi mbali hivi. Ningemjibu nini? Sasa kila siku maneno yake ni hayo hayo: mwambie mama wafungue maji."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanamke wa Bondeni akupigie simu akwambie marehemu wako anataka Bondeni wapewe maji. Ungeniamini?"

Jana angemwamini. Sekela alilijua hilo waziwazi, na alilijua kwa uchungu. Jana asingefikiria mara mbili. Alimtazama mwanamke yule, midomo iliyopasuka, macho yasiyokwepa, na kwa mara ya kwanza tangu apandiwe kokwa akajikuta anatafuta dalili za uongo kwenye uso wa mtu aliyembeba mwanawe.

"Kweli alisema hivyo, Mama Sudi? Kwa sauti yake?"

"Kweli kama uliyoisema wewe leo," Zamda alisema, akageuka na kikombe chake.

*

Alimwomba Ipyana amshushe bwawani. Jua lilikuwa bado lipo, na mlima Rungwe ulikuwa umejifunika wingu mpaka mabegani. Upande wa juu wa ukuta maji yalikuwa yametulia, mengi, ya buluu. Upande wa chini mawe yalikuwa meupe.

Tusekile alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kibanda cha lango, anakula mahindi ya kuchoma. Alipomwona mama yake alisimama ghafla.

"Tumesikia kwenye redio. Mama, umetuokoa."

Akamkumbatia. Sekela akamwacha amkumbatie, akanusa moshi wa mahindi kwenye nywele zake, akajua ameipata ile zawadi aliyoilipia. Kisha akajitoa.

"Nimeonana na aliyembeba kaka yako," alisema. "Asajile ametuma neno. Amesema mfungue maji."

Tusekile akaangalia gurudumu, kisha akaangalia njia ya kuelekea kwenye nyumba ya askari. "Amri haijatoka. Nikifungua mimi, nitafungwa."

"Najua."

"Umekwenda kunitoa kwenye bomu, umerudi kunipeleka gerezani."

"Ndiyo, mwanangu."

Binti alikaa tena. Alikuwa mtu mzima sasa, ana mikono mipana ya kazi, lakini alipozungumza alizungumza kama yule mdogo aliyekuwa akimngoja kaka yake getini. "Alinitaja?"

Zamda hakusema kama alitajwa. Sekela alikumbuka kila neno la nyuma ya kinu, na hilo halikuwemo.

"Alikutaja."

"Aliniitaje?"

Kulikuwa na jina moja. Asajile alimpa dada yake kwa sababu ya kudokoa chunguni, na halikuwahi kutoka nje ya nyumba ile. Halikuandikwa kwenye simu yoyote, halikurekodiwa popote. Kama lingekuwa limetoka mdomoni mwa Zamda, Sekela angelia kwa furaha na kulala usingizi maisha yake yote. Badala yake lilikuwa limekaa mdomoni mwake mwenyewe, tayari.

"Kijiko," alisema.

Tusekile akafunika uso kwa mikono yenye masizi ya mahindi. Alilia bila sauti, mabega yakitikisika, kisha akajipangusa, akanyanyuka, akalishika gurudumu kwa mikono miwili. Lilikuwa limegoma kwa kutu ya kukaa. Akaliegemea kwa uzito wake wote, na mama yake akaja kumsaidia upande wa pili, mpaka likalegea na kuanza kuzunguka.

Maji yalitoka kwanza membamba, ya kahawia, yakiwa na majani yaliyooza. Halafu yakajaa, yakapiga mawe, yakaanza kuteremka kuelekea Bondeni kwa kelele kubwa. Kutoka nyumba ya askari mtu alikuwa anapiga filimbi na kukimbia.

Sekela aliliacha gurudumu. Akavua ushungi, akageuza kichwa mpaka sikio la kulia likaelekea kwenye maji.

"Sudi," aliita. "Unayasikia?"

Akangoja.